Kura ya Nyumba

Sheria ilisema kiumbe chochote kisichoweza kusimama kwa siku arobaini kipigiwe kura na watu wa nyumba yake. Paka wao, Pamba, alikuwa amepooza miguu tangu agongwe na pikipiki, na siku zake zilitimia.

Afisa wa mtaa alileta kishikwambi. Shemsa na mumewe, Kiluwa, walibonyeza "aende".

"Anateseka, mama," Kiluwa alimwambia Bi Mgeni, mama yake, aliyelala kitandani tangu avunjike nyonga mwezi uliopita.

"Mbona leo amekunywa maziwa?" Bi Mgeni aliuliza, akabonyeza "abaki".

Afisa akaondoka na Pamba. Bi Mgeni akafunua shuka, akashusha miguu huku ikitetemeka.

"Shemsa mwanangu, njoo unishike. Nataka kusimama."

Shemsa akamtazama mumewe kwanza.