Duara la Majini

Mchezo wa kwanza wa kujifunza kuogelea ulikuwa kuzamisha uso kwenye beseni na kupuliza mapovu. Wa pili, kuokota kijiko majini, maji yakiwa magotini. Leo Subira, mwalimu wao kijana, aliwapanga wanawake duara baharini, maji yakawafika kifuani, akamwita Bi Mwanaidi katikati.

"Utaelea mpaka kwa Mize, pale mbele yako. Ukimgusa, umeshinda."

"Mwanangu, hapa nilipo haja ndogo imenitoka."

"Bahari haifuriki kwa hiyo, shoga," Mize akasema, wenzake wakacheka.

Bi Mwanaidi hakucheka. Siku hizi mwani wao ulistawi kwenye kina kirefu tu, na asiyejua kuogelea hakupewa shamba huko. Akavuta pumzi, akajilaza, akajisukuma.

Maji yakamziba masikio. Akajikaza kufumbua macho, akaiona miguu ya Mize karibu kabisa, kucha zimekolea hina. Akanyoosha mkono. Ndipo ile miguu ikarudi nyuma, taratibu, mchanga ukitimka, kama ya mama anayemfunza mtoto kutembea.