Mwalimu wa Kujisimamia

"Mwalimu, usinidanganye! Hii simba ni yako?"

"Ya muda tu, Simiyu."

"Muda gani, na mvi zote hizo?"

Simiyu alikuwa ameendesha baiskeli kutoka Kisumu mpaka Pap Onditi, kumwambia Mwalimu kwamba kesho anaacha kazi ya gereji ili amfuate. Sasa alisimama langoni, akikodolea macho ile simba, kinyumba ambacho kijana wa Kijaluo hujenga kwa baba yake, kabla hajatoka kuanzisha boma lake.

Mlangoni, kwenye msumari, ilining'inia tai nyekundu.

Aliijua hiyo tai. Jumamosi zile za mwaka wa sitini na nane, ukumbi ukiwa umejaa mpaka madirishani, Mwalimu aliilegeza, akapiga meza: "Mwanamume ajisimamie!" Vijana walirudi mtaani Kaloleni wakiimba njia nzima. Simiyu hakuwahi tena kujiona mrefu vile.

"Maneno yangu ni ya kweli, bwana," Mwalimu alisema.

Kutoka nyumba kubwa, sauti ya mama mzee ikaita, "Wuoda! Mwanangu, uji unapoa!"

"Nakuja, Mama!"

"Nenda ukanywe, Mwalimu," Simiyu alisema taratibu. Akageuza baiskeli, akaenda zake.