Jongoo na Uji wa Kileleni

Alikuwapo Jongoo, mrefu kama garimoshi, aliyewapandisha panzi mlimani kutembea. Panzi wanajua kuruka, lakini walipenda kubebwa, na zaidi walipenda uji aliowauzia Mchwa kwenye kichuguu cha kileleni.

Miaka ikapita, miguu ya Jongoo ikachoka yote. Siku moja akasema, "Dada Mchwa, leo nimekuja kukuaga."

Mchwa akaweka mwiko chini. "Hata mimi nilitaka kukuaga. Moshi umenimaliza macho. Nilipika kwa ajili yako tu, usipande bure."

"Nami nilipanda kwa ajili yako, uji wako usilale."

Jongoo akachungulia chungu cha uji.

"Nisipopanda, utakula nini?" akauliza Jongoo.

"Na nisipopika, utambeba nani?"

Panzi wakagonga vikombe. Mchwa akaokota mwiko.

"Kesho usichelewe," akasema.