Fundi Mwenye Masikio

Kidole cha pili kilivunjika kwa urahisi kuliko cha kwanza. Kibonge alikikunja kinyumenyume, kikalia kama kijiti kikavu, kisha akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya vitunguu, kama gari litawaka au haliwaki.

"Litawaka," fundi alisema. "Ila niachie vidole vilivyobaki, kaka. Ndivyo vitakavyoliwasha."

Lilikuwa gari-nyumba la zamani, refu, lenye vitanda, jiko na mapazia ya maua huko nyuma. Injini yake ya petroli ilikaa ndani, chini ya boksi la bati kati ya viti viwili vya mbele. Liliingia gereji saa nne asubuhi likikohoa na kurukaruka, tenki limejaa hadi petroli inachuruzika kwenye mfuniko. Kabla fundi hajauliza linasumbuliwa na nini, Mrefu, mwenzake Kibonge, alikwisha kumzaba kofi la sikio la kushoto. Simu yake ikatumbukizwa kwenye debe la oili chafu, lango likafungwa kwa ndani. Sikio lile sasa lilikuwa likivuma mfululizo.

Fundi hakuwa mtu wa kujitia ushujaa. Alikuwa na jambo moja tu kichwani. Saa sita mkewe, keshia wa kituo cha mafuta, angetoka zamu na kupitia gereji kama kawaida yake. Watu hawa wawe wameshaondoka. Wamvunje vidole vyote kumi wakitaka, mradi mkewe asiwakute hapa.

Akafungua boksi la injini, akaanza kazi. Plagi mbili zilikuwa nyeusi tii, akazipiga brashi. Platini, vile vidude vya kukata na kuunga umeme wa plagi, zilikuwa zimeungua. Akazisugua kwa msasa na kupima nafasi yake kwa kipande cha boksi la kiberiti, maana mkono wa kushoto haukuweza tena kushika geji. Taimingi ya cheche ilikuwa nyuma mno. Akaizungusha distributa, inayogawia plagi umeme, kidogo kidogo huku Mrefu akipiga stata. Kila injini ilipozimika, Kibonge alimtia ngumi ya mbavu, bila hasira yoyote, kama karani anayegonga muhuri.

Fundi alipopata pumzi aliuliza ni nani aliyewaelekeza kwake.

"Umesifiwa," Kibonge alisema. "Tumeambiwa una masikio."

Mteja gani huyo asiye na shukrani, fundi aliwaza, akaapa moyoni kwamba siku akimjua atamkomesha.

Mara injini ikashika. Ilinguruma, ikatulia, na katika ule utulivu akausikia mlio. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Alikuwa ameusikia hata injini ilipokuwa imezima, akadhani ni chuma kinapoa. Sasa sikio lake zima lilimwambia unatoka nyuma, huko chini, na haufuati mzunguko wa injini.

"Kuna kitu kinagonga," alisema. "Litakuwa bomba la moshi. Limelegea, linapiga chasisi."

Wale wawili wakatazamana. Mrefu akasema anakwenda nyuma kunywa maji.

Fundi akajiburuta chini ya gari, injini ikiwa inaendelea kunguruma. Bomba lilikuwa limelegea kweli. Juu yake sakafu ya chumba cha kulala ilikuwa imeoza, ina tundu la ukubwa wa sahani. Alilitazama tundu lile, na mbavu zake zikamsaidia kuwaza. Akalifunga bomba kwa waya lisicheze tena, lakini kiungo chake akakiachanisha palepale chini ya tundu, moshi wote upande ndani. Safari ndefu, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Wangesinzia taratibu, wasiamke. Alijiona mwovu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akafurahi.

Juu ya kichwa chake kitu kizito kilianguka sakafuni, gari likatikisika. Mlio ukakoma.

Alipotoka uvunguni alimkuta Mrefu ameshakaa kwenye kiti chake, anasugua vifundo vya ngumi.

"Kumenyamaza," Mrefu alisema.

"Kumenyamaza," fundi aliitikia, na pamoja na maumivu yote yale alijisikia fahari kidogo, kwa kuwa hakuna fundi asiyependa kuupata ugonjwa kwa jaribio la kwanza.

Kibonge alimuaga kwa teke la mdomo lililoondoka na meno mawili. Gari-nyumba likatoka langoni laini, bila hata kukohoa, likashika barabara kuu na madirisha yake yote yamefungwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu. Fundi alikaa chini akacheka na damu mdomoni. Amewahi. Akanawa uso, akafunga kitambaa kwenye vidole, mkewe asije akashtuka.

Lango lilipogongwa alikimbia kufungua. Alikuwa yule dada wa kujaza mafuta anayefanya kazi na mkewe, miguu peku, kipande cha kamba kinaning'inia kwenye kifundo cha mkono.

"Shemeji, wametuvamia," alisema, akihema. "Mimi walinifunga wakanitupa chooni, mteja ndiye kanifungua sasa hivi. Mkeo wameondoka naye, wamemtia nyuma kwenye gari lao. Lilikuwa linazimikazimika, wakampiga awaonyeshe fundi. Hakuwaambia wewe ni mumewe, shemeji. Aliwaambia tu kuna fundi nyuma ya kinu cha unga, ana masikio, hakuna mlio unaompita."