Mnyama wa Miguuni

Katika mji ule, kila marehemu alichorwa akiwa na mnyama miguuni pake, ili hata wajukuu wajue aliishi vipi: kondoo kwa mpole, nguruwe kwa mlafi.

Mume wa Bertilda alipofariki, majirani walijazana kwa mchoraji utadhani ni harusi.

"Mtilie jogoo, fundi! Dirisha la nani hakuliwikia?"

"Nguruwe! Chungu gani hakukichungulia?"

Kaka wa marehemu akafoka, "Kondoo, nasema!"

Bertilda, mjane mwenyewe, alikuwa amechoka hata kuona aibu.

"Mama, mwenye neno ni wewe," mchoraji akamwambia.

Bertilda akavua viatu, akajilaza sakafuni, miguuni pa picha ya mumewe iliyoegemezwa ukutani.

"Hapa ndipo nilipolala miaka yote. Nichore mimi."

Mchoraji aliinua kipande cha mkaa, mkono ukabaki hewani.