Jiwe Lililotoboa Paa

Mpimaji wa vimondo alikuwa amekwisha kusugua kona ya jiwe kwa msasa, na sasa aliinamia lenzi huku wateja wake wakimsubiri ng'ambo ya meza. Mmoja alikuwa mjane aliyetaka kuliuza jiwe lile kwa mkusanyaji. Mwingine alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, na ndiye aliyekuwa na maneno mengi.

"Lilitoboa paa likamuua kaka usingizini," alisema. "Ningekuwa mimi, ningelitupa mtoni zamani."

"Mkusanyaji anataka cheti," mjane alijibu kwa mkato.

Mpimaji alitafuta ndani ya jiwe chembe za chuma zinazometameta katika vimondo, asione hata moja. Aliona vitundu vya mviringo, tele, kama vya mkate uliokatwa. Akaligeuza, akatazama upya, asije akamsingizia mtu.

"Hiki si kimondo," alisema. "Ni mavi ya chuma, takataka za tanuri la kuyeyushia vyuma. Halikutoka angani."

"Angalia vizuri, dada!" shemeji alimwambia.

"Nimeangalia mara mbili."

Mjane aliliokota jiwe, akalipima uzito kiganjani, akalirudisha mezani.

"Shemeji," alisema polepole, "wewe ndiye uliyekuwa naye nyumbani. Hebu nieleze tena lilivyoanguka."

Shemeji alinyoosha mkono alichukue jiwe.

Mpimaji akamtangulia. Akalitia kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo, kisha akainua simu.