Vifungo Vitano

Jibu lilikuwa lile lile: 5a⁶.

Fundi cherehani aliitupa penseli juu ya vitambaa vya wateja. Tangu alfajiri yeye na mwanafunzi wake walikuwa kwenye swali moja, 2a² × 3a³, na saa ya shule ilikuwa inakaribia.

"Umejumlisha za kuzidishwa, ukazidisha za kujumlishwa," alisema. "Mbili mara tatu?"

"Sita."

"Haya. Hiyo sita inakaa mbele. Sasa vipeo." Alifungua kopo la vifungo vya mashati, akapanga viwili upande huu na vitatu upande ule. "Kila kifungo ni a moja. Hapa a mara a. Pale a mara a mara a. Visogeze pamoja. Vimekuwa vingapi?"

Kidole kilitembea polepole juu ya vifungo. "Vitano." Kisha, kwa wasiwasi: "Si sita?"

Ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu. Mwalimu mkuu alishatoa neno la mwisho: leo mwanafunzi huyu atasimama ubaoni, na yeye mwenyewe ataketi nyuma kutazama. Akiboronga tena, hana nafasi pale shuleni. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya, lakini huruma nayo ina mwisho wake.

"Tazama vifungo, usinitazame mimi!" Fundi alipiga meza. Vifungo vikaruka hadi chini ya cherehani.

"Usinikasirikie. Haya mambo nilikuwa nayajua."

Ni kweli. Kabla ya kulazwa hospitali alikuwa akiyajibu huku anakunywa chai. Homa ile ilipoondoka, iliondoka na vipeo.

Fundi alipiga magoti kuviokota, aibu imemjaa. Utotoni yeye ndiye aliyekuwa mzito wa hesabu, akafundishwa haya haya kwa vizibo vya soda, na mtu ambaye hakumpazia sauti hata siku moja. Alivitia vifungo vitano kwenye mfuko wa suruali ya mwanafunzi wake, ile aliyoipiga pasi jana.

"Ukikwama, vishike," alisema.

Walitembea hadi shuleni. Kwenye mlango wa darasa alimweka sawa kola, akamwachia mkono.

Darasa zima likasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, wanangu," aliitikia baba yake fundi, mkono mmoja ukichukua chaki, mwingine ukiwa mfukoni, unahesabu.